Nani Alipasua Tangi la Saluni?

Mliniacha nimesimama katikati ya saluni ya shemeji yangu, maji yamenifika vifundoni, wateja waliosukwa nusu kichwa wanakimbilia barabarani, na shemeji mwenyewe amekaa chini ameshika kiganja, damu inamchuruzika. Aliteleza, akadaka rafu ya kioo, rafu ikamchana. Na tangi la samaki lililomwaga maji yale lilikuwa kazi ya mikono yangu.

Kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza: mimi ni fundi wa matangi ya samaki. Si ya kioo. Ni ya akriliki, ile plastiki ngumu inayong'aa kuliko kioo chenyewe. Nayatengeneza, na yakipata ufa nayaziba. Huyo shemeji ni dada mkubwa wa mke wangu.

Hospitali walimshona vizuri, lakini vidole viwili vya mkono wa kulia havikunjiki. Msusi asiyekunja vidole, niambieni, atasuka nini?

Mke wangu hakupiga kelele. Alikunja nguo zake, akazipanga kwenye begi, akasimama mlangoni.

"Umemlemaza dada yangu," alisema. "Naenda kumuuguza."

"Utarudi lini?"

"Muulize dada, vidole vyake vitarudi lini."

Akaenda kwa wazazi wake, ambako shemeji alikuwa keshahamia kwa kuwa hata kufunga vifungo vya blauzi hawezi.

Habari zikanitangulia kila nilikokwenda. Mwenye mgahawa mmoja, mteja wangu wa miaka, aliniambia nikaling'oe tangi langu kabla halijaua mtu. Nikabaki nyumbani peke yangu, nakula mkate mkavu na kubishana na redio.

Ndipo simu ikaita. Mama mkwe.

Nilikuwa nimejilaza. Nikainuka kwanza, nikavaa shati, ndipo nikapokea. Huzungumzi na mama mkwe umejilaza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Tangi la baba yako linavuja."

"Pole, mama. Lakini mna hakika mnanitaka mimi?"

"Sikutaki," alisema. "Nimeita mafundi wengine, wanajua kioo tu. Mmoja kapaka silikoni ya madirisha, imebanduka kama ganda la muwa. Baba yako halali, anayatazama maji yakishuka. Njoo."

Baba mkwe wangu wanamwita Refa. Alichezesha mpira ujana wake wote, na nasikia hakuna mchezaji aliyewahi kumbembeleza akabadili uamuzi. Kiharusi kilimchukua upande mmoja wa mwili, na sauti yote. Kikamwachia mkono wa kushoto, filimbi shingoni, na samaki wake wa dhahabu. Asubuhi anageuziwa kiti kwenye tangi, na hapo ndipo siku yake inapoanza na kuishia.

Tangi hilo sikulitengeneza mimi. Alilinunua mwenyewe alipostaafu.

Niliingia sebuleni na sanduku langu la vifaa. Mataulo yamezungushwa chini ya meza ya tangi, beseni limekingwa pembeni, tone linaanguka, tone linaanguka. Refa aliponiona akainua mkono wa kushoto juu kabisa, vidole vimebana kitu kisichoonekana.

"Anakupa kadi ya njano," mama mkwe alitafsiri. "Umechelewa."

Mke wangu alikuwa mlango wa jikoni, anafuta sahani. Alinitazama kama mtu aliyekuja kusoma mita ya umeme.

Shemeji alikuwa kwenye kochi, mkono umefungwa bandeji, umelazwa juu ya mto.

"Karibu, shemeji," alisema kwa upole.

Ule upole uliniuma. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuwatoa samaki. Watatu, wanene kama wamefugwa kwa ajili ya maonyesho. Mkubwa wao anaitwa Golikipa, kwa kuwa hukaa palepale pembeni akichezesha mapezi, hatoki golini. Nilipomwinua kwa wavu, Refa alipuliza filimbi hadi jirani akachungulia dirishani.

"Sitamfanya kitu, baba," nikamwambia. "Namhamisha tu. Utamwona."

Nikaliweka beseni la kufulia karibu na kiti chake, pampu ya hewa ndani. Akatulia. Lakini filimbi haikutoka mdomoni.

Nikakausha tangi. Nikaangalia kiungo kilichopasuka. Kona ya kushoto, kuanzia chini hadi urefu wa kiganja, vipande viwili vya plastiki vimeachana. Hilo ni jambo la kawaida, nimeziba mengi ya hivyo.

Kilichonishtua kilikuwa pembeni yake.

Niliwasha tochi nikaiegemeza ubavuni mwa plastiki. Ndani kwa ndani kulikuwa na nyufa nyembamba, nyingi zisizohesabika, zimetanda kama utando wa buibui. Ukipitisha kidole juu huzisikii. Plastiki haichoki vile kwa maji wala kwa samaki. Huchoka vile ikipanguswa na dawa kali, mara kwa mara.

Na nyufa zile nilishaziona. Siku ile saluni, kwenye kipande kilichobaki kimesimama. Nikadhani ni mikwaruzo ya vioo vilivyoanguka, na kabla sijarudi kuangalia vizuri, vipande vyote vilikuwa vimeshazolewa na kutupwa.

Ilinibidi niulize. Dawa tunayounganishia akriliki nayo ni kali. Huyeyusha plastiki kidogo ili vipande viwili viwe kimoja. Ukiitia kwenye plastiki iliyochoka, ufa mmoja unazaa kumi mbele ya macho yako.

"Nani anasafisha hili tangi?"

"Kwani ni chafu?" mama mkwe aliruka juu.

"Ni safi mno, mama. Ndiyo maana nauliza."

"Mkeo. Tangu amekuja, kila asubuhi, ili baba yake aone vizuri."

"Analisafisha kwa kutumia nini?"

Mke wangu aliweka sahani chini, akaingia ndani, akarudi na chupa nyeupe. Spiriti. Ileile anayoacha muuguzi kwa ajili ya kumpangusa mzee mkono kabla ya sindano.

"Inatoa alama za vidole mara moja," alisema. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu tangu aondoke. "Hata saluni nilikuwa nalipangusa hivihivi, kila Jumamosi nikienda kumsaidia dada. Lilikuwa linang'aa, wateja wanajitazama humo."

Nikainamia sanduku, nikajifanya natafuta kitu.

Siku nilipofunga tangi la saluni nilimwambia shemeji: kitambaa laini, maji matupu, basi. Kumbe maneno yale hayakuwahi kumfikia anayeshika kitambaa.

Jamani, fikirieni. Nimetukanwa, nimekimbiwa, nimeachwa. Na sasa dawa ya aibu yangu imesimama mbele yangu ndani ya chupa, imeshikwa na mtu yuleyule aliyeniambia nimemlemaza dada yake. Nilitamani nipande juu ya kochi nipige kelele mtaa mzima usikie.

Nikamtazama shemeji. Mkono ule juu ya mto. Nikamtazama mke wangu. Amesimama na chupa yake, hajui lolote.

"Kwa nini umeuliza?" alisema.

"Basi tu."

"Basi tu nini?"

"Mambo ya kifundi."

Nikachukua msumeno na kipande cha akriliki, nikatoka uani.

Hazikupita dakika nyingi akanifuata. Akasimama chini ya kamba ya nguo, chupa bado mkononi.

"Sema."

"Nimekwambia ni mambo ya—"

"Ulisema mambo ya kifundi uliponunua ile pikipiki isiyo na injini. Nakujua. Uso umekubadilika. Sema."

Sikuwa na maneno ya kumwambia mke wangu jambo lile. Kwa hiyo nilimwonyesha. Nilichukua kibanzi cha akriliki kilichokatika, nikakipinda kidogo kati ya vidole kama kinavyobanwa na uzito wa maji, nikamwambia amimine spiriti kidogo juu.

Akamimina.

"Angalia."

Tukainamisha vichwa pamoja, kama zamani. Kwanza hakukuwa na kitu. Kisha kamstari kamoja. Kisha kengine. Kisha plastiki yote pale ilipopinda ikajaa nyuzi nyeupe, na kibanzi kikakatika vipande viwili mkononi mwangu.

Aliziba mdomo. Akakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa.

"Ni mimi," alisema.

"Sijasema hivyo."

"Umenionyesha."

"Hukujua."

"Na wewe hukujua. Nilikusikiliza?" Alikuwa akitazama chini. "Mimi nimesoma kwa vidole vile. Dada aliacha shule akasuka watu mchana kutwa ili mimi nivae sare. Sasa niende nimwambie nini? Kwamba nilikuwa nang'arisha?"

Nilitaka kumshika bega, nikaogopa.

"Usimwambie," alisema.

"Na mimi?"

"Wewe wameshakuchukia. Mimi bado."

Nawaambieni kama lilivyo. Neno lenyewe lilikuwa baya, na lilikuwa kweli.

Akanyanyua uso. "Nitarudi nyumbani. Ukimaliza kazi hii tunaondoka wote. Ila usimwambie."

Maneno hayo, "nitarudi nyumbani," niliyaota kila siku tangu aondoke. Sikuyaota yakija namna ile, yamefungwa kamba kwenye maneno mengine.

Nikakubali. Msinisifu. Si kwa upendo peke yake. Ile nyumba ilikuwa imenishinda. Mtu akibishana na redio muda mrefu huanza kushindwa hoja.

Nikarudi kwenye kazi. Mwishoni mwa ufa nilitoboa kitobo kidogo kwa drili ili usiendelee kutembea. Ile dawa nyepesi kama maji sikuithubutu. Nilitumia gundi nzito, nikabandika vipande vipya vya akriliki kona ya ndani na ubavu wa nje, vikavuka sehemu iliyochoka hadi kwenye plastiki nzima. Nikabana kwa vibanio. Madirisha wazi, maana harufu yake inalevya. Mama mkwe alijaribu kumtoa Refa nje. Akapuliza filimbi. Tukamfunga kitambaa puani, akabaki palepale kama jambazi mstaafu.

"Liachwe likauke," nikasema. "Kesho kutwa nitakuja kujaza maji. Na kuanzia leo, kitambaa laini na maji matupu."

Mke wangu aliitikia kwa kichwa bila kunitazama.

Niliporudi siku hiyo, mama mkwe na mke wangu walikuwa uani wanaanua nguo. Refa alikuwa amesinzia, kidevu kifuani. Nilikagua meza kwa pima maji, imekaa sawa. Nikabandika karatasi ya chooni juu ya kiungo. Tone moja tu likipenya, karatasi itanionyesha. Nikaanza kumimina, ndoo baada ya ndoo, taratibu.

Shemeji akaja kukaa karibu. Alitazama maji yakipanda.

"Shemeji," alisema, "tangi linaweza kupasuka kwa kusogezwa?"

Ndoo ilibaki hewani.

"Inategemea. Likiwa na maji ndani?"

"Likiwa na maji."

"Linaweza."

Akachungulia uani, akarudisha macho kwangu.

"Nilinunua kiti kipya cha kuoshea nywele. Hakikuenea. Nikasema nilisogeze tangi kidogo tu. Nikalisukuma kwa nyonga, na meza yake. Mguu mmoja wa meza ukavuka ukingo wa vigae, ukaning'inia. Maji yakayumba, nikasikia mlio. Tak. Mdogo, kama mtu anavunja kuni nyembamba. Nikaangalia, sikuona kitu. Nikaendelea na wateja. Kesho yake ndiyo likapasuka."

"Mbona hukusema?"

"Nilipozinduka hospitali baada ya kushonwa, mdogo wangu alikuwa ameushika huu mkono, analia. Anasema fundi ametuponza, fundi ametuponza. Nikanyamaza. Nikasema nitamwambia kesho. Kesho yake akaja na begi." Macho yalimjaa machozi. "Ameacha nyumba yake kwa ajili yangu. Ananiogesha. Ananifunga vifungo. Nikimwambia yote haya nimejitakia mwenyewe, na ndoa yake nimeivunja mimi, atanitazama kwa jicho gani?"

"Ongea naye, shemeji. Nakwambia ongea naye."

"Siwezi. Na wewe usimwambie. Nakuomba kwa mkono huu." Akauinua ule wenye bandeji.

Nani sasa alipasua tangi la saluni? Spiriti iliichosha plastiki, hilo najua. Mguu wa meza ukaipinda, hilo sasa najua. Kipi kati ya hivyo kilimaliza kazi, hata mimi fundi siwezi kuapa. Nilichoweza kuapa ni kwamba kiungo changu hakikuwa na ubaya.

Na ningemwambiaje? Nikimtuliza kwa habari ya spiriti, nimemsaliti mke wangu. Nikimtuliza mke wangu kwa habari ya mguu wa meza, nimemsaliti shemeji. Dada anamficha mdogo, mdogo anamficha dada, na mimi nipo katikati nimeshika ndoo.

"Nitafikiri," nikasema, kwa kuwa nyayo zilishasikika mlangoni.

Maji yalifika robo tatu, nikasimamisha hapo. Tangi lenye makovu halijazwi hadi mdomoni. Tulisubiri. Nikabandua karatasi. Kavu kabisa.

Nikawarudisha samaki, Golikipa akiwa wa mwisho. Akazunguka mara moja kama anakagua uwanja, akaenda pembeni, akasimama golini.

Refa alikuwa ameamka. Nusu ya mdomo wake ikapanda juu. Ikatoka sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, nzito, ya kifuani. Alikuwa anacheka.

Mama mkwe aliketi ghafla kwenye mkono wa kiti. Akavuta kanga, akajifuta macho. "Hajacheka tangu augue," alisema. "Hajacheka hata mara moja."

Kwa muda ule mfupi, nyumba nzima ilikuwa nzuri. Nilidhani nitaokota vifaa vyangu na mke wangu tuondoke kabla mtu hajafungua mdomo.

"Kaeni," mama mkwe alisema. "Wote."

Tukakaa.

"Mkwe wangu, umemfurahisha baba yako. Na mke wako ameniambia jana anataka kurudi kwako. Sina kizuizi." Alinyoosha kanga magotini. "Lakini nyumba hii hatufichi kinyongo chini ya zulia. Hatoki hapa mpaka umpigie magoti dada yake, mbele ya baba. Useme kwa kinywa chako: kosa lilikuwa langu, kazi yangu ilikuwa mbovu. Useme hivyo, tufunge."

"Kosa lilikuwa langu" ningelisema. Nilishajizoeza. Lile la pili ndilo lililonishinda. Kazi yangu ilikuwa mbovu. Nimeunganisha matangi tangu nikiwa sina ndevu. Sina shamba, sina shahada, sina jina kubwa. Nina viungo vyangu tu.

Nikamtazama mke wangu. Alikuwa anasokota pindo la gauni. Nikamtazama shemeji. Alikuwa ameukumbatia mkono wake. Hakuna aliyenitazama.

Nikainuka. Nikasogea mbele ya kochi la shemeji. Goti la kwanza likagusa zulia, bado bichi kwa maji ya tangi. La pili likafuata.

"Shemeji," nikaanza, "kosa lilikuwa langu. Na kazi yangu ili—"

"Mama, ngoja!"

Zilikuwa sauti mbili kwa mpigo. Moja ilitoka mbele yangu, nyingine nyuma yangu. Nikageuka. Mke wangu alikuwa amesimama, mikono kaibana kifuani. Nikageuka tena. Shemeji naye alikuwa amesimama, mto umeanguka sakafuni.

Wakatazamana juu ya kichwa changu, kila mmoja ameduwaa, kila mmoja hajui mwenzake alitaka kuzuia nini.

Mama mkwe aliwaangalia, mmoja baada ya mwingine, pole pole.

"Haya," alisema. "Nani anaanza?"